Bwana wa Bahari Mbili

Zamani hizo, watawala walipokuwa bado wanapenda kusifiwa, ugonjwa ambao siku hizi tunamshukuru Mungu umekwisha kabisa, palikuwa na kisiwa. Kilikuwa kisiwa kidogo. Ukikaanga samaki upande wa kusini, watu wa upande wa kaskazini wanaosha mikono. Jina lake silitaji, na si kwa uoga. Jina rasmi, pamoja na sifa zake zote, lilikuwa refu kuliko kisiwa chenyewe. Mgeni aliyeanza kulitamka bandarini huku akitembea alikuwa anatokea ng'ambo ya pili, maji yakiwa magotini, na bado hajafika kwenye sifa za milima, ambayo haikuwepo. Wageni kadhaa walizama kwa adabu ya namna hiyo na wakazikwa kwa heshima zote.

Mtawala wa kisiwa aliitwa Mwinyi Makatwa. Alikuwa mtu mwema, asiyependa kumwona mtu akiteseka, na kwa sababu hiyo alikuwa hatazami. Alivaa kilemba cha hariri na viatu vya miti, na mwavuli wake wa enzi ulibebwa juu ya kichwa chake hata akiwa chumbani, maana jua haliaminiki. Lakini kitu alichokipenda kuliko mwavuli, kuliko kilemba, na wake zake wanisamehe, kuliko wao pia, kilikuwa kiti.

Kilikuwa kiti cha mpingo kilichopambwa kwa pembe, na ndicho kilichokuwa dola. Desturi ya kisiwa ilisema hivi. Shauri linapoletwa barazani, siwa, lile baragumu la enzi, hupigwa, na tangu hapo mwenye kiti hainuki mpaka shauri limekwisha na siwa imepigwa tena. Akiinuka kabla ya siwa ya pili, kiti si chake. Ni cha atakayekikalia. Naye mshtakiwa, awe nani awe nani, husimama mbele ya kiti. Hukumu haitolewi mshtakiwa akiwa amekaa.

Ukoo wa Mwinyi Makatwa ulipata utawala kwa njia halali kabisa. Mtawala wa kabla yao alikuwa anasikiliza shauri la mkungu wa ndizi, kuku akaingia barazani, akapanda juu ya mguu wake. Mtawala aliinuka kumfukuza. Alipogeuka, babu yake Mwinyi Makatwa alikuwa amekwisha kukaa, anauliza anayefuata ni nani. Wenye midomo walisema kuku alikuwa wa babu. Mimi najua tu kwamba tangu siku hiyo ukoo ule haukula kuku, kwa shukrani, na kuku hawakuruhusiwa kukaribia baraza, kwa tahadhari.

Mjukuu aliyajua yote hayo, ndiyo maana alihukumu haraka. Alisikiliza salamu, akatazama nani anaonekana atasema kwa ufupi, akampa haki. Alisifiwa sana kwa uadilifu wake, hasa na watu wasiopenda maneno mengi.

*

Balaa lilianzia kwenye mlo. Bara, ng'ambo ya mkono wa bahari, kulikuwa na mtawala mwingine aliyejiita Bwana wa Mito Miwili, naye alituma mjumbe kuja kusalimia. Mjumbe alikaribishwa wali wa nazi na kamba wa kukaanga. Akala, akashiba, akataja sifa za bwana wake, kisha akauliza kwa upole, na Mwinyi wa hapa ni bwana wa vitu vingapi?

Waziri Shekuwe akajibu kwamba Mwinyi ni Bwana wa Bahari. Mjumbe akauliza bahari ngapi. Waziri akasema moja. Mjumbe akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anavyotikisa kichwa akionyeshwa mtoto asiyependeza, akasema moja nayo si haba.

Mwinyi Makatwa hakumaliza wali wake. Aliumia, tena aliumia kikweli. Alilala akiitazama dari, na asubuhi yake alimwambia Waziri kwamba hawezi kuendelea kuwa bwana wa kitu kimoja, kama mchuuzi wa ukwaju.

Huyu Waziri Shekuwe nimjulishe kidogo. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye adabu za kupindukia. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya kiti akiwa ameshika takia la akiba, endapo lile la Mwinyi litachoka. Alisimama karibu kuliko ilivyohitajika. Mwinyi akikohoa kikohozi kizito, Waziri alikunja magoti kidogo, kama anayejiandaa kukaa. Watu waliona ni heshima.

Waziri aliwaza, akasema kisiwa kinahitaji bahari ya pili. Shida ilikuwa mahali pa kuitoa, maana bahari iliyokizunguka kisiwa ilikuwa imeungana pande zote bila kuomba ruhusa. Wazo la kuigawa katikati lilikataliwa. Samaki wangevuka mpaka na kuleta fitina. Hapo ndipo Waziri akakumbuka kisima cha Bi Mwanatumu. Kina chake hakijulikani, alisema. Maji yake hayajawahi kukauka. Amewahi kuzama mbuzi ndani yake, na ukiinama ukaita, kinakuitikia kwa sauti nzito. Kama hiyo si bahari, basi ni bahari changa.

Siwa ya tangazo ikapigwa. Waziri akasimama mbele ya watu, akatangaza kwamba kwa hekima isiyo na mfano, Mwinyi ametanua mipaka ya maji ya nchi bila kumwaga damu wala kutoka nyumbani. Watu wakashangilia. Wengine walidhani kuna biriani.

Bahari mpya ilihitaji amiri. Akateuliwa Chandu, shemeji yake Mwinyi, ambaye hakujua kuogelea. Waziri alieleza kwamba hiyo ndiyo sifa yake kubwa, kwa kuwa mtu wa namna hiyo atailinda bahari akiwa nchi kavu, na hatashawishika kuikimbia kwa maji. Amiri Chandu akapewa mkuki na kigoda, akakaa kando ya kisima. Kila siku alileta barazani habari za kupwa na kujaa. Wanawake wakichota, maji yalikupwa. Wakizuiwa, yalijaa. Akashauri wazuiwe, ili bahari ikae katika hali ya kujaa, inayopendeza zaidi.

Ushauri ulikubaliwa, tena kulikuwa na sababu ya kisheria. Maji ya bahari si ya kunywa, si ya kupikia na si ya kumwagilia, maana yana chumvi. Amiri aliamriwa ayaonje kwa niaba ya serikali. Alikunywa kata nzima, akafuta mdomo, akatangaza kwamba ni ya chumvi kali. Kisha akaomba kata ya pili ili awe na hakika.

*

Bi Mwanatumu, mwenye kisima, alikuwa mjane wa makamo aliyelima tambuu. Kisiwa kizima kilitafuna tambuu lake, na Mwinyi mwenyewe hakuwahi kutoa hukumu bila kuwa na jani lake shavuni. Mitambuu ile aliipanda mama yake, na kisima alikichimba mama yake huyo huyo kwa ajili ya mitambuu. Mtambuu ni mti wenye kiu. Ukiukosesha maji, majani yanageuka rangi ya manjano, kisha yanajikunja, kisha unabaki na kamba zilizozunguka miti.

Majani yalipoanza kugeuka, alikwenda kwa Amiri Chandu. Amiri alimwambia anaweza kupewa ruhusa ya kuvua. Akaenda kwa Waziri. Waziri alimpongeza, akamwambia wengi wangetamani nyumba iliyo pwani, naye amepata pwani mlangoni bila kuhama. Bi Mwanatumu alishukuru, akarudi nyumbani, akakaa chini ya mitambuu ya mama yake akalia. Alipomaliza alifunga kanga yake vizuri, akaenda barazani.

Alikuta watu wengi, na Mwinyi ana haraka ya chakula cha mchana. Faki, mpiga siwa, alikuwa mzee mnyoofu aliyefanya kazi yake kwa mazoea. Alimwona mtu amesimama mahali pa mlalamikaji, akainua siwa, akapuliza. Siwa ililia kisiwa kizima. Shauri likawa limefunguliwa, na hapo hakuna aliyekuwa ameuliza ni la nini.

"Haya mama," Mwinyi alisema, akitafuna. "Unamshtaki nani?"

"Wewe, Mwinyi," alisema Bi Mwanatumu. "Umechukua kisima changu."

Faki, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa kuita, akaita kwa mazoea yale yale, "Mshtakiwa asimame."

Mwinyi Makatwa, mtu aliyelelewa vizuri, aliinua makalio. Aliyainua kidogo tu, kiasi cha kupitisha upepo. Nyuma yake akasikia magoti ya Waziri yakilia. Akajirudisha kitini kwa kishindo, kwa maana sasa alikuwa ameelewa. Asiposimama, shauri halisikilizwi wala haliishi. Akisimama, kiti kimekwenda. Na shauri lisipoisha, hainuki.

Chakula cha mchana kikapoa.

*

Penye wengi hapaharibiki neno, na barazani walikuwa wengi, kwa hiyo maneno yalikuwa tele. Kwanza ilipendekezwa Amiri Chandu asimame badala ya Mwinyi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika mkuki. Chandu akasimama. Bi Mwanatumu akasema hakumshtaki bawabu, amemshtaki aliyeingia.

Kisha wakaja wanazuoni wa kisiwa, wazee watatu waliolishwa na dola ili wawe na maoni. Walishauri Mwinyi afungwe kwenye kiti kwa kamba za usumba wa nazi, halafu kiti kisimamishwe wima pamoja naye. Hivyo atakuwa amesimama kwa upande wa shauri, na amekaa kwa upande wa kiti. Wazo lilishangiliwa. Wanaume wenye nguvu walimfunga, wakamwinua, wakamwegemeza ukutani, miguu ya kiti ikitazama mlango na kilemba kimemwangukia usoni. Mwanazuoni wa kwanza akasema amesimama. Wa pili akasema amekaa. Wa tatu alikuwa amelala, na kura yake ikahesabiwa kwa pande zote mbili.

Wakamgeukia Bi Mwanatumu. Alimtazama Mwinyi kutoka juu hadi chini.

"Naona kiti kimesimama," alisema. "Mwenyewe bado amekaa."

Mwinyi akateremshwa polepole, maana akianguka nje ya kiti ingekuwa habari nyingine. Tena Waziri ndiye aliyeshauri kamba zikatwe haraka.

Mwisho wakamjaribu mama mwenyewe. Walimwahidi cheo cha Mama wa Bahari, pamoja na kofia. Bi Mwanatumu aliuliza kama mitambuu inakunywa cheo. Wakasema watalichunguza swali hilo. Akasema sawa, naye anasubiri, na tangu siku hiyo alikuja barazani kila asubuhi, akasimama mahali pake, akarudi jioni kuyatazama majani yaliyobaki.

Dola ikaendelea kuzunguka kiti. Chakula kililetwa pale pale, kilemba kilifungwa pale pale, na wake zake walikuja kumgombeza pale pale mbele za watu, jambo lililopandisha sana mahudhurio ya baraza. Usiku alilala akiwa amekaa, na Waziri alilala akiwa amesimama. Mambo mengine ya mwili sitayaeleza. Nitasema tu kwamba lilitundikwa pazia, na kwamba mpingo ni mti mgumu sana. Kwa nje Waziri alitangaza kwamba Mwinyi, kwa kuwapenda raia wake, ameamua kutowaacha hata kidogo.

*

Kisha kiu ikaja.

Ilikuwa kiangazi, na siku moja Mwinyi aliomba maji, hayakuja. Akaomba tena. Mtumishi akapiga magoti, akasema akiba imekwisha, mtungi ni mtupu.

"Basi leta kutoka mtungi mwingine."

Mtumishi alisema mitungi yote ni mitupu. Mwinyi Makatwa akawaza. Maji, kwa jinsi alivyojua yeye tangu utotoni, hutoka mtungini. Akauliza, na aliuliza kwa dhati, mtungi nao hupata wapi maji? Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kuuliza. Baraza lilitazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujua.

Mwisho Faki alijibu. Alisema maji ya jumba, tangu enzi za babu, hutoka kisima cha Bi Mwanatumu, kwa kuwa visima vingine vyote vya kisiwa vina maji ya magadi ambayo hata punda huyatazama akaondoka. Na kisima cha Bi Mwanatumu sasa ni bahari. Na maji ya bahari si ya kunywa, kwa amri ya Mwinyi mwenyewe, ambayo yeye Faki aliipigia siwa kwa nguvu zake zote.

Walimpa Mwinyi madafu. Alikunywa madafu mpaka tumbo likaasi nyuma ya pazia, kisha madafu nayo yakaisha. Kisiwa kizima sasa kilikuwa na midomo mikavu. Raia walikunywa yale ya magadi, wakakunja nyuso, wakasema Mwinyi hajui tu, angejua asingekubali. Wanazuoni walitoa maoni mafupi. Faki aliilamba midomo yake iliyopasuka, ulimi ukakwama.

Mwinyi Makatwa alimwambia Waziri amletee kata moja tu, kwa siri. Waziri akainama sikioni pake, akamkumbusha kwa upole kwamba bwana wa bahari mbili akinywa bahari yake, atabaki na moja, na mjumbe wa Mito Miwili anatarajiwa wakati wowote. Akasema kiu ni ya muda, heshima ni ya milele. Kisha akamshauri ainuke kidogo, anyooshe miguu, apate hewa. Mara moja tu, hakuna atakayeona.

Ndipo Mwinyi alipogeuza shingo akamtazama Waziri wake vizuri, pengine kwa mara ya kwanza. Aliona takia lililopanguswa vumbi. Aliona magoti yaliyokunjwa. Akaogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo, hata mwaka ule wa maharamia, maana maharamia walikuja kwa mbele. Alikishika kiti kwa mikono miwili, akatamani mama yake angekuwa hai, si kwa ushauri, bali ampe maji.

*

Asubuhi moja Bi Mwanatumu hakuja mikono mitupu. Alikuja na mtungi kichwani, umejaa mpaka shingoni, na kata inaelea juu yake. Amiri Chandu alipoulizwa baadaye ameupitisha vipi, alieleza kwamba wakati huo alikuwa amegeuka kuchunguza upeo wa macho wa bahari yake, ambao ulikuwa ukuta wa jikoni.

Baraza zima liligeuza vichwa kufuata mtungi. Bi Mwanatumu alisimama mahali pake pa kila siku. Alionekana amechoka. Hakuwa na uso wa ushindi. Siku hiyo alikuwa ameyakata majani mengi makavu. Akainua mkono, akachota bila kuuteremsha mtungi, akaishika kata mbele ya Mwinyi.

"Mwinyi mwanangu," alisema, "ukiyanywa haya, ni maji ya kisima. Ukiyakataa, ni maji ya bahari, nami nitayamwaga. Sema wewe."

Waziri alikohoa. Alisema maji yale ni ya chumvi, Amiri amethibitisha. Mwinyi Makatwa alikuwa anaitazama kata. Tone lilikuwa limening'inia chini yake, linafikiria kama lianguke au lisianguke. Akamfikiria yule mjumbe na kichwa chake kinachotikisika. Akafikiria bahari mbili. Alijaribu kweli kuzifikiria, lakini kila alipojaribu, zilikuwa maji tu, baridi, ya kunywa.

"Ni kisima," alisema. "Ni chako. Nilikichukua."

Akaipokea kata, akanywa.

Wanazuoni waliinua nyuso, hata yule wa tatu. Mshtakiwa amekiri. Na mshtakiwa akikiri hakuna cha kusikiliza, hakuna haja ya kusimama, shauri limekwisha, imebaki siwa tu. Njia hiyo ilikuwepo ndani ya desturi tangu siku ya kwanza. Haikumjia mtu kichwani kwa sababu hakuna mtawala aliyewahi kuitumia.

Mwinyi alikunywa kata ya kwanza, akarudisha, akachotewa ya pili. Akanywa ya tatu. Alipokuwa anakunywa hakumkumbuka mtu mwingine yeyote, na sitamlaumu kwa hilo, ingawa hapo ndipo alipoponzwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyetoka kunywa hakumtazama Faki.

"Shauri limekwisha," alisema mwanazuoni wa kwanza. "Siwa."

Faki akainua siwa, akaiweka kwenye midomo yake mikavu kama gome, akapuliza. Siwa ikatoa hewa. Akapuliza tena. Ikatoa hewa na vumbi kidogo. Lakini Mwinyi Makatwa alikuwa amesikia neno "limekwisha," na miguu yake ilikuwa imelisubiri neno hilo kwa muda mrefu kuliko yeye. Akasimama.

Alisimama wima, akanyoosha mgongo, ukalia mpaka nje. Alifumba macho kwa raha. Alipoyafumbua, aliona watu wote wamefungua midomo, Faki ameshika siwa isiyolia, akaelewa.

Waziri Shekuwe alikuwa ameisubiri dakika hiyo maisha yake yote, na kilichomwangusha ni adabu. Mtu mwingine angeruka akakaa. Waziri hakuweza kukaa pasipo takia. Alizunguka kiti kwa haraka lakini kwa heshima, akaliweka takia lake jipya katikati, akalipapasa likae sawa, kisha akageuza mgongo ili aikusanye kanzu yake vizuri, kama inavyompasa mtawala.

Bi Mwanatumu, ambaye shingo ilikuwa inamuuma, aliona takia limewekwa mbele yake. Akaguswa na ukarimu ule.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia Waziri, akautua mtungi.

Waziri akakaa. Alikaa juu ya shingo ya mtungi, akainuka kwa kasi kuliko alivyokaa, kanzu imelowa. Wakati huo huo Faki alikuwa amejichotea kata moja, amekunywa nusu, na nusu ameilowanishia midomo. Akakamata siwa, akapuliza kwa furaha yote ya mtu aliyetoka kunywa. Siwa ya pili ilisikika mpaka ng'ambo. Shauri likafungwa. Na juu ya kiti, katikati ya takia la hariri, alikuwa amekaa mtungi.

*

Wanazuoni walilijadili jambo hilo kwa kina, mara hii wakiwa wamekunywa. Desturi inasema kiti ni cha atakayekikalia. Wazee wa zamani hawakutaja kwamba lazima awe na miguu, wala ulimi, wala ukoo. Na sifa za mwenye kukaa ni kutoinuka ovyo, sifa ambayo mtawala mpya alikuwa nayo kuwazidi wote waliotangulia. Ikaamuliwa kwamba ni halali. Wakaomba pia posho yao iendelee.

Mwinyi Makatwa alisimama pembeni akisubiri machozi. Alikuwa na hakika yatakuja, maana kiti alikipenda. Alisubiri kwa uaminifu. Badala yake akahisi magoti yake, yote mawili, yanavyokunjuka na kukunjika, akatoka nje kuyajaribu. Mpanda ngazi hushuka, na kwake yeye kilichomshangaza ni jinsi kushuka kulivyokuwa kwepesi. Mwavuli haukumfuata. Jua lilimpiga utosini, na halikuwa baya kama alivyoambiwa.

Alipata kazi ya kumjaza mtawala mpya maji, kwa kuwa hakuna aliyejua tabia za kile kiti kuliko yeye. Kila asubuhi anakwenda kisimani na ndoo, anashika zamu nyuma ya wanawake, na akijaribu kupita mbele Bi Mwanatumu anamwambia, "Nyuma, baba," naye anarudi nyuma. Siku ya kwanza alishangaa kwamba maji ni mazito. Amiri Chandu anamsaidia kuvuta kamba, kwa kuwa bado analipwa. Mitambuu imeanza kutoa majani mapya, madogo, ya kijani kibichi, na Bi Mwanatumu anayapitia moja moja kwa kidole.

Mtungi unatawala. Husikiliza kila shauri bila kumkatiza mtu. Wadai hueleza, hupandisha sauti, hukauka koo, hunywa, na wakishakunywa mara nyingi hukuta hawakumbuki vizuri walichokuwa wakigombania. Mjumbe wa Mito Miwili alirudi, akauliza bwana wa kisiwa sasa ni bwana wa nini. Wakamwambia, wa maji. Akauliza maji kiasi gani. Wakamwonyesha. Alikuwa amesafiri juani, koo limemkauka, akaomba kidogo. Mwinyi Makatwa akashika mikono miwili ya mtawala, akamwinamisha taratibu mbele ya mgeni mpaka maji yakatoka. Mjumbe yule alikuwa ametumikia watawala wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwinamia. Alipomaliza kunywa alishindwa kutikisa kichwa, akaenda zake.

Waziri Shekuwe hakuacha kazi. Yuko nyuma ya kiti, karibu kuliko inavyohitajika, ameshika takia lingine lililopanguswa vumbi. Amekunja magoti kidogo. Anasubiri mtungi uinuke.